Kalunde Kaburini kwa Watani

Enzi zile pembe za ndovu zilipopita Unyamwezi mabegani mwa wapagazi, na magobore yalipoanza kuwatia kiburi vijana wasio na kwao, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Kisengwa. Mji wenyewe ulikuwa boma la magogo tu, nyumba za tembe ndani yake, na chemchemi moja nje ya lango. Humo aliishi Kalunde, mfinyanzi wa vyungu, mwanamke wa makamo, mpole wa uso na mkali wa ulimi.

Watu wa Kisengwa walipenda mno nasaba zao. Mtoto akipewa jina, wazee waliketi wakataja babu wa babu, hadi yule aliyefika na moto wa kwanza. Wakifika upande wa Kalunde walikohoa kidogo, wakaruka. Bibi yake, Nyamizi, aliachwa njiani na msafara akiwa mtoto mgonjwa, asiyejua hata jina la baba yake. Mji ulimlea, lakini haukuacha kumkumbusha. Kalunde alikua akikisikia kikohozi kile, akaolewa akikisikia, na kila mara kilimchoma moyo.

Alichorithi kwa bibi yake ni matusi. Naam, matusi! Wakikanda udongo pamoja, Nyamizi alimfundisha utani wa kwao. Kuna watu huko magharibi, alisema, wanaitwa Wasimbo. Hao ni watani wetu tangu na tangu. Mtani utampokonya mkuki na atacheka. Akifiwa, wewe ndiwe wa kulala kaburini kabla ya maiti wake, wala hutoki mpaka akupe unachotaka, hata kama jana mlikuwa vitani.

"Bibi, nitakutana nao wapi watu hao?" Kalunde aliuliza siku moja.

"Sijui, mjukuu wangu. Wewe yaweke tu. Sina kingine cha kukupa."

Basi akayaweka, na miaka ikapita, na Nyamizi akazikwa kimyakimya.

Ndipo alipokuja mbabe wa vita, Igulu, na rugaruga wake, wapiganaji wa kukodiwa, manyoya kichwani, nguo nyekundu viunoni. Aliutaka mji uwe wake. Mwandu, mwenye mji, akakataa, na mimi simlaumu. Igulu hakuhangaika kuvunja magogo. Aliketi juu ya chemchemi akangoja.

Mitungi ikakauka. Nyanzala, binti wa pekee wa Kalunde, alikuwa amejifungua mtoto wa kike siku chache tu kabla ya hapo, na sasa maziwa yake yalikatika. Kalunde alikamua hata udongo wake wa kufinyangia, akapata unyevu wa kulowesha kitambaa, akamtia mtoto mdomoni. Mtoto alinyonya tope lile kwa pupa, na Kalunde akageuza uso ukutani akalia. Alijua udongo uliobaki hautakamulika tena.

Asubuhi moja mshale kutoka bomani ulimpata mdogo wake Igulu, akafa. Pembe ikalia kambini, kisha ikafuata sauti ya mtu akiita kwa huzuni: "Kaburi li wazi! Mwenye kulilalia yuko wapi?" Ikaita tena na tena. Wanaume wa Kisengwa walidhani ni vitisho vya vita, wakapanga mishale. Kalunde aliganda, kitambaa mkononi. Maneno yale aliyajua tangu utotoni: ndivyo Wasimbo walivyomwita mtani wao msibani. Kumbe Igulu alikuwa Msimbo, yuko mbali na kwao, amefiwa, na hana mtani wa kumzikia.

Akamwambia mumewe, Shija, kwamba anatoka nje. Shija alimtazama kama mtu aliyeambiwa paa limeondoka.

"Mke wangu, sisi ndio tuliomuua ndugu yake."

"Najua. Ndiyo maana lazima niende leo, kabla hawajamfukia bila mtani. Wakishamfukia, sisi kwao ni maadui tu."

"Na kama bibi yako alikuwa anakubunia hadithi?"

Kalunde naye alihofia hilohilo, lakini akachukua kaniki yake. Shija akaipokea, akamfunga begani, fundo lilelile alilomfunga siku ya kumwoa. Mwandu alipozuia lango, Shija ndiye aliyelisukuma.

Kalunde alitembea peke yake kati ya mikuki. Hakuna aliyemgusa, maana walishangaa. Alimwona Igulu ukingoni mwa kaburi, mtu mzima mwenye macho mekundu, na kwanza akamwonea huruma. Kisha akateremka kaburini, akalala chali.

Rugaruga wakanyanyua mikuki. Igulu akawazuia kwa mkono.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Kalunde, mjukuu wa Nyamizi."

"Nyamizi wa nani?"

"Hakujua. Aliachwa njiani mdogo." Kisha akayatoa matusi aliyoachiwa. "Lakini nyie Wasimbo aliwajua. Nyie mliokimbia nyuki mkamwacha mtemi wenu juu ya mti!"

Midomo ya Igulu ikacheza, na jibu likamtoka kabla hajalizuia. "Na nyie mliokuja kumshusha, mkala asali yote."

"Tukala, na masega tukalamba. Na huyu ndugu yako mvivu, mchana wote huu amelala anangoja kubebwa?"

Igulu akacheka. Alicheka mpaka kicheko kikageuka kilio, akapiga magoti, akamlilia mdogo wake kwa sauti, kilio alichokuwa amekibana tangu asubuhi. Kalunde naye alilia mle kaburini. Alikuwa amepata kwao.

Igulu alipopangusa uso alimpa mbuzi ili atoke. Akakataa. Akampa nguo, na masango ya shaba ya kuvaa mkononi. Akakataa.

"Nipe chemchemi," Kalunde akasema. "Nina mjukuu mle ndani, ananyonya tope."

"Unaniomba vita yangu yote, mtani."

"Basi nizike na ndugu yako."

Igulu akamnyooshea mkono kumtoa. Walimzika marehemu pamoja. Jua lilipoinamia magharibi kambi ilikuwa imevunjwa, na Kalunde akaingia langoni na mtungi wa maji kichwani, akampita Mwandu, akampita kila mtu, mpaka kwa Nyanzala.

Mtoto alipopewa jina, wazee waliketi kutaja nasaba. Walipofika upande wa Kalunde hawakukohoa. Walimwomba aseme yeye. Akasema neno moja tu, "Nyamizi," na ndilo jina alilopewa mtoto.

Waimbaji wa Kisengwa baadaye waliimba kwamba Igulu alifukuzwa na mishale ya wanaume, na waache waimbe. Wanawake wa mji ule hawakubishana nao. Wakifika chemchemini, kabla ya kuchovya mtungi, mmoja wao hugeukia magharibi akauliza kwa sauti kama mtemi wameshamshusha mtini. Wenzake hucheka, kisha huchota maji.