Mrithi wa Ealdwig

Mfalme Ealdwig wa Wasaksoni alikutwa asubuhi amekufa kitandani, kisu kimezama kifuani. Ule mpini wa pembe kila mtu aliujua: ni wa Cynred, binamu yake, ambaye baba yake ndiye aliyetawala kabla. Muda si mrefu Cynred alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya ukumbi, na wazee wa baraza wakinong'onezana habari za kumnyonga.

Hereburh, dada mkubwa wa mfalme, alitoka kwenye nyumba yake ya watawa kuja kumwosha marehemu. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyewalea wadogo zake wawili, Ealdwig na Tondhere.

Alichomoa kisu, akasita. Shuka lilikuwa safi. Mtu akichomwa yu hai, damu hutapakaa. Akafunua midomo ya marehemu: unyoya wa mto ulikuwa umenasa kwenye meno. Chini ya kucha palikuwa na ngozi ya mtu.

Akaenda ukumbini.

"Cynred, jana kisu chako ulikiacha wapi?"

"Mlangoni, dada, kama wote. Nani anaingia kwa mfalme na silaha?"

"Na mlangoni alilala nani?"

"Mimi," Tondhere alidakia. "Nikapitiwa na usingizi, muuaji huyu akakichukua! Mnangoja nini?"

Hereburh akampandisha Cynred mikono ya nguo. Hapakuwa na hata mkwaruzo.

"Na wewe, Tondhere."

"Mimi? Dada, umechanganyikiwa na msiba."

"Pandisha, mwanangu."

Kusikia neno hilo, Tondhere alipandisha mkono wa nguo. Mkononi mwake alama za kucha zilikuwa bado mbichi.

"Leo kaka alitaka kumtangaza Cynred mrithi," alisema. "Eti alimwahidi baba yake Cynred! Na mimi je? Maisha yangu yote namshikia farasi. Vitani nimeukinga mkuki uliomlenga yeye. Mimi si damu yake?"

"Ukamkandamiza mto usoni."

"Alikuwa amelala. Nilidhani hataamka. Aliamka, dada. Alinitazama."

Baraza likamfungua Cynred, likamchagua kuwa mfalme. Mfalme mpya akamgeukia Hereburh: "Sheria inataka kichwa chake. Sema wewe."

"Usiniulize mimi. Niliwabeba wote wawili mgongoni."

Cynred akaamuru Tondhere afukuzwe nchini, asirudi tena.

Tondhere aliondoka kwa miguu. Langoni alisimama, mgongo umewaelekea, kama anayesubiri kuitwa. Hereburh alifungua mdomo. Jina halikutoka.