Nani Aliweka Jiwe kwenye Hoja Yangu?

Nina miaka thelathini na tisa. Ni fundi cherehani hapa Jeppestown, Johannesburg, ni mama wa binti mmoja, na kabla vita havijanileta huku nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi kule Uvira. Nawaandikia nikiwa bado na hasira, sitawadanganya. Na niseme mapema kabisa: mimi ni mwanamke mwenye wivu. Kuna wanaojua kuuficha wao. Wangu unaonekana hata nikinyamaza.

Binti yangu Furaha alizaliwa hapa. Kiingereza anakimwaga, Kizulu anakimwaga, lakini Kiswahili... anakisikia tu. Ukimsemesha kwa Kiswahili anakujibu kwa Kizulu. Mama yangu alikuwa amebaki Uvira, mgonjwa, na lugha hizo mbili hakuzijua hata neno moja. Kila akipiga simu aliomba kuongea na mjukuu wake. Furaha alikuwa anasema, "Jambo, koko," maana koko ndiyo nyanya kwetu, kisha ananirudishia simu na kukimbilia uani.

Siku moja mama akaniuliza, "Huyu mtoto ananichukia?" Jamani! Ungemjibu nini mama yako?

Hapo ndipo nilipopata wazo la shule. Shule ya Jumamosi asubuhi, ya kuwafundisha Kiswahili watoto wetu waliozaliwa huku, katika ukumbi wa umoja wetu. Mwalimu ningekuwa mimi, bila malipo. Nilikuwa nimekaa miaka mingi nikipinda suruali za watu, na ghafla mikono ikaanza kutamani chaki. Tena nilitaka Furaha aweze kuongea na koko wake kabla mama hajafumba macho. Nilichotaka kilikuwa hicho tu.

Umoja wetu ni wa watu wa Kiswahili: Wakongo kama mimi, Warundi, na Watanzania kadhaa. Una baraza la wajumbe, nasi kwa utani tunaliita Bunge. Jambo lolote la ukumbi ni lazima lipigiwe kura na Bunge. Lakini Bunge letu lina desturi yake. Mjumbe asiyeipenda hoja anamwendea mwenyekiti wakiwa wawili tu na kumwambia, "Naweka jiwe." Basi! Hoja hailetwi kwenye kura mpaka aliyeweka jiwe aliondoe mwenyewe. Na mwenyekiti hataji jina lake, hata umlilie miguuni.

Desturi hiyo iliwekwa na waliotutangulia kwa sababu nzuri. Wengine wetu kule nyumbani tulitoka pande zilizokuwa zinapigana. Waliogopa mtu akipinga hoja hadharani, ugomvi wa kule utafufuka huku. Basi wakaona heri apinge kwa siri, watu waendelee kusalimiana. Hata mimi niliisifu desturi hiyo... kabla haijanigusa.

Mume wangu, Baba Furaha, alikuwa mjumbe. Kazi yake ni ulinzi kwenye ghala moja la bidhaa. Mjumbe mwingine alikuwa Mwamini, rafiki yangu.

Niwaelezeni huyu Mwamini. Mjane, mtu wa Lubumbashi, mrefu, kiuno chembamba, Kifaransa kinamtoka kama anaimba. Alikuwa anauza vitenge kwenye kibanda kando ya cherehani yangu. Akivaa kitenge nilichomshonea mimi, watu walimsifu yeye, wala si fundi! Na Furaha alimpenda kupita kiasi. Akitoka shule alipitia kwanza kwa Mwamini, na huko, sijui kwa dawa gani, alikuwa anajaribu kuongea Kiswahili. Kwangu Kizulu, kwa Mwamini Kiswahili! Niliumia, nikacheka kwa meno.

Siku ya hoja yangu Mwamini alikuwa wa kwanza kusimama na kuiunga mkono. Wanachama walipiga makofi na vigelegele. Nilitoka ukumbini nikiwa tayari nimeshachagua gauni la kufundishia.

Juma lililofuata mwenyekiti wetu, Papa Bahati, mzee mnyoofu asiyependa maneno mengi, alisimama akasema, "Hoja ya shule ina jiwe." Akakaa. Nilihisi kama amenimwagia maji ya baridi mgongoni. Nani? Kwa nini? Watoto kujifunza Kiswahili kunamuumiza nani?

Nyumbani mume wangu alinifariji vizuri mno. Alinipikia chai ya tangawizi, akanikalisha, akasema tufikirie pamoja ni nani. Tukawachambua wajumbe mmoja mmoja. Fulani hawezi, fulani ana watoto wanne, fulani ni mtu wa Mungu... Tulipofika kwa Mwamini, akakoroga chai. Kisha akasema, "Mama Furaha, mimi siko nasema kitu. Lakini yule alipiga makofi sana."

Neno hilo tu! Lilitosha. Wivu wangu ulikuwa umekaa jikoni siku zote ukingoja kuitwa mezani.

Nikaanza kukumbuka mambo. Kwamba mume wangu aliwahi kusifu miguu ya Mwamini, eti anatembea kama mtu anayejua anakokwenda. Kwamba Mwamini hana mtoto, na wangu anamtaka. Bila shaka hapendi niwe mwalimu, nikawa mwalimu wa Furaha pia! Nilijiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe, na kila jibu lilikuwa na sura ya Mwamini.

Kisha likatokea la Fordsburg. Nilikwenda mtaa huo wa maduka kununua zipu na nyuzi. Mume wangu alikuwa ameniambia atalala mchana kutwa, ametoka zamu. Nikiwa nimesimama kwenye robot, ndivyo huku tunavyoziita taa za barabarani, nangoja nivuke, nikawaona. Yeye na Mwamini, mbele ya duka la vitambaa! Mume wangu amebeba furushi la vitenge, na Mwamini amemshika mkono wa shati, anaongea karibu na uso wake, macho yamejaa machozi.

Ungekuwa wewe ungefikiria nini? Sikusubiri taa. Magari yalinipigia honi, wenye magari wakanitukana, sikujali. Nilimrukia Mwamini nikamvua kilemba hadharani, nikamwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Mume wangu alisimama tu na furushi lake kama mpagazi. Mwamini aliokota kilemba, akanitazama, akamtazama mume wangu. Akangoja. Mume wangu akageukia magari. Basi Mwamini akasema, "Sawa, Mama Furaha," akachukua furushi lake akaondoka.

Mume wangu alinieleza kwamba walikutana kwa bahati tu, akamsaidia mzigo. Na machozi? Eti sijui. Nilimlalia mzungu wa nne, lakini hasira yangu yote niliimimina kwa Mwamini. Nilimkataza Furaha kukanyaga kibandani kwake. Mtoto alilia, akaniuliza kwa Kizulu kwa nini. Nikamwambia nyamaza.

Halafu nikaanza kazi mbaya kuliko zote. Nilipita kwa wanawake wa umoja, saluni kwa saluni, nikiwaambia wamwangalie Mwamini, anachukua waume za watu na anawazibia watoto wetu shule. Nilisema huku nashona, huku nakula, hata kanisani. Na kwenye mkutano mkuu nilisimama nikayasema mbele yake. Nikamtaka atoke kwenye Bunge.

Papa Bahati alimuuliza kama ana la kujibu. Mwamini alisimama. Mume wangu alikuwa amekaa safu moja naye, anaangalia viatu vyake. Mwamini akasema, "Mjumbe hataji jiwe la mjumbe mwenzake. Hivyo ndivyo tulivyoapa." Kisha akasema anajitoa mwenyewe, asitufanye tugombane. Akatoka na mkoba wake. Muda si mrefu kibanda kikafungwa, tukasikia amehamia Durban.

Nilishangilia! Ndiyo, nilishangilia. Maana kwa desturi yetu mjumbe akitoka, mawe yake yote yanatoka naye. Nilinunua hata chaki.

Kwenye kikao kilichofuata nilikaa mstari wa mbele. Papa Bahati akasoma, "Mjumbe Mwamini amejitoa. Mawe yake, kama yapo, yametoka naye." Akavuta pumzi. "Hoja ya shule... bado ina jiwe."

Wasomaji wenzangu, ukumbi ulipoa. Nilisikia mwanamke mmoja nyuma yangu akisema, "Eish!" Sikugeuka. Niliangalia meza ya wajumbe, na mume wangu akanitikisia kichwa kwa huruma. Huruma! Nilikwenda nyumbani nikasema labda kuna wawili walioweka, labda Mwamini alishirikiana na mtu. Mume wangu akasema inawezekana. Nami, kwa kuwa sikutaka kuwa mkosaji, nikaamini.

Mama yangu alifariki wakati hoja bado imelala. Siku zake za mwisho alikuwa haongei sana. Dada yangu alimwekea simu sikioni, nami nikamwita Furaha aseme lolote. Binti yangu alishika simu kwa mikono miwili. Alijaribu... "Koko, mimi..." kisha maneno yakamwishia. Akaanza kulia kwa Kizulu. Mama hakujua mtoto anasema nini. Miezi michache tu kwa Mwamini, na neno lile lingekuwa limekamilika. Ni mimi niliyemfungia mlango.

Baada ya msiba mume wangu alihamishiwa kazi Rustenburg, akawa haji nyumbani ila mwisho wa mwezi. Akampigia simu Papa Bahati kwamba anajiuzulu ujumbe. Sikuliona kuwa jambo kubwa. Nilikwenda kwenye kikao nikiwa na nguo ya msiba, nikakaa nyuma.

Papa Bahati alisimama. Safari hii hakututazama. "Baba Furaha amejitoa kwenye Bunge. Mawe yake, kama yapo, yametoka naye." Akakunja karatasi yake. "Hoja ya shule haina jiwe tena. Itapigiwa kura leo."

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja! Vichwa vyote viligeuka kunitazama. Hoja ikapita, mikono yote juu, na hakuna aliyepiga kofi. Nilibaki nimekaa, masikio yanavuma.

Mume wangu aliporudi sikumpikia. Nilimuuliza neno moja tu, "Kwa nini?" Hakubisha. Alisema, "Ungelikuwa Mwalimu. Kila mtu angelikuita Mwalimu, Mwalimu... na mimi? Mimi niko mtu wa kufungua geti. Nilikuwa na wivu, Mama Furaha."

Wivu! Yeye naye! Nilikuwa nikidhani wivu ni ugonjwa wangu peke yangu katika nyumba ile.

Nikamuuliza kuhusu Fordsburg. Akafunika uso. Mwamini alikuwa amemtambua, alimsoma usoni siku ile Papa Bahati alipotangaza. Ndiye aliyemwita pale dukani, mbali na watu wa umoja, akamsihi aondoe jiwe. "Alilia kwa ajili yako," akaniambia. "Alisema mama yako atakufa bila kusikia mtoto."

Nilimuuliza kama hakujua kwamba akijiuzulu jiwe litaonekana. Akasema alijua. Alikosa ujasiri wa kuniambia kwa mdomo wake, akamwachia Papa Bahati. Hata kukiri kwake kulipitia kwa mwenyekiti!

Hatujaachana. Msiniulize kwa nini, hata mimi sijui. Anakuja mwisho wa mwezi, tunakula, tunaongea habari za umeme na ada ya shule. Chai yake ya tangawizi siinywi.

Sasa nafundisha kila Jumamosi. Wananiita Mwalimu, na kila wakiniita hivyo namkumbuka mwanamke aliyenyamaza kwa ajili ya kiapo huku mimi nikimvua nguo kwa maneno. Kweli angeweza kutaja jina moja tu akajiokoa. Mimi ningeweza? Thubutu!

Nikapeleka hoja mpya: kwamba kuanzia sasa mjumbe akiweka jiwe, aseme ni yeye, na aseme sababu. Kubisha abishe, lakini tumwone uso. Wanachama waliniunga mkono kwa sauti kubwa. Juma lililofuata Papa Bahati akasimama, mzee wa watu, akakohoa. "Hoja ya Mwalimu," akasema, "ina jiwe."

Mtanicheka, lakini damu ilinichemka palepale. Nikaanza kuwapitia kwa macho, huyu, yule, yule mwenye hereni... Mmoja alitabasamu na nikamchukia. Kisha nikakumbuka kilemba kilichoanguka barabarani Fordsburg. Nikainamisha macho, nikatoka nje.

Ndugu zangu, na hasa nyinyi dada zangu wenye moyo kama wangu, nawasihi. Usipojua ni nani aliyekuzibia njia, kaa na kutokujua huko, hata kama kunauma. Usimpe mtu wivu wako akuchagulie adui. Na yule anayekuketisha na kukusaidia kuwachambua wenzako, mwangalie na yeye. Mimi sikumwangalia, na leo nalipa.

Kila Jumamosi baada ya darasa Furaha anachukua simu yangu na kumrekodia Mwamini ujumbe wa sauti. Wa kwanza ulikuwa mfupi, "Jambo, Mama Mwamini." Juzi alisema mwenyewe, bila kusaidiwa, "Mama Mwamini, mimi ni Furaha. Sasa najua kusema. Koko hakunisikia, lakini wewe unisikie. Rudi." Simu inaonyesha kwamba anazisikiliza jumbe hizo, zote. Bado hajajibu.