Jemadari Aliyelaza Upanga kwa Uongo

Ndugu zangu, tuambiane ukweli, maana jambo hili limo majumbani mwetu na tunalionea haya. Nitawasimulia habari za nyumba moja tu. Atakayejiona ndani yake asininunie.

Walikuwepo ndugu wawili, mafundi wa madirisha ya vioo. Karakana yao ilikuwa uani kwa mama yao, na kazi ilitaka watu wawili, kwa sababu kioo kikubwa hakibebwi na mtu mmoja. Mdogo alitembea kinyumenyume, kaka akimwelekeza. "Kushoto kidogo. Ngazi nyuma yako." Mdogo alinyanyua mguu bila kutazama, na ngazi ilikuwa pale pale alipoambiwa. Mama aliwaangalia kutoka kibarazani, na kioo kilipofika mezani salama alisema, "Haya, mmenirudishia roho yangu." Kila asubuhi mdogo ndiye aliyempa mama dawa zake na kutunza kadi yake ya kliniki. Kaka alijua mama anameza vidonge, basi.

Jioni walikuwa na starehe yao, mchezo wa mtandaoni wenye kambi mbili zilizohasimiana, Watu wa Ngome na Watu wa Mto. Kaka alikuwa jemadari wa Ngome, na hata mtaani wakaanza kumwita Jemadari, naye akafurahi kuliko ilivyopasa. Mdogo wake alikuwa mjumbe wa Mto. Humo ndani uliigiza mtu wa kambi yako, na adui ulimsalimu kiadui.

"Mwana wa matope, unatafuta nini langoni petu?" aliandika Jemadari.

"Nimekuja kuyatazama mawe yenu kabla hatujayabomoa," mdogo wake alijibu.

Na wakati huo wamekaa kochi moja, wanacheka mpaka mama anauliza kama wana akili timamu. Sisemi kwamba mchezo ni mbaya. Ngojeni kwanza.

Wachezaji wenyewe walikuwa wamejiwekea desturi moja. Mtu akipatwa na jambo la kweli, la nyumbani kwake, humketisha chini mtu wake wa mchezoni na kulaza upanga mbele yake. Maneno yanayofuata si ya mchezo, na vita husimama mpaka ainuke. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeichezea desturi hiyo.

Kisha vikaja vita vya daraja. Watu wa Ngome walipigwa siku nne mfululizo, wakaanza kumsema Jemadari kwamba anambembeleza ndugu yake. Maneno yakamchoma. Jumamosi moja alasiri, mdogo wake akiwa kwa mteja mtaa wa pili, Jemadari akaketi mbele ya daraja, akalaza upanga, akaandika: "Mama amezidiwa. Naomba tusimame."

Watu wa Mto wakasimama. Mdogo wake, yule wa kweli, akayasoma kwenye simu yake, akatupa tepu ya kupimia na kukimbia mpaka nyumbani. Akamkuta mama anakunja nguo.

"Mbona unahema hivyo, mwanangu?"

Chumbani Jemadari alikuwa anacheka peke yake. Daraja lilikuwa limeshatekwa.

"Kaka, umemtumia mama," mdogo alisema akiwa mlangoni.

"Dogo, huu si mchezo tu? Usiwe mzito."

"Nimekimbia njia nzima."

"Basi umepata mazoezi."

Kwa neno hilo moja la kejeli, nyumba ikapasuka. Mdogo alibeba zana zake akahamia karakana nyingine, akaifungia namba ya kaka yake. Kwa mama alikuja alfajiri, kaka akiwa bado amelala, akampa dawa na kuondoka na kadi mkobani. Huko mchezoni Jemadari alisifiwa kwa ujanja. Wenzake walimpigia mdogo wake kwa namba za kila aina kumkejeli, hadi akaacha kupokea namba asizozijua. Jemadari alizijua simu hizo, na hakuwazuia.

Siku ya kumi na mbili, saa nne asubuhi, mama aliteleza bafuni akagonga kichwa. Jemadari alimkuta sakafuni, maneno yake hayaungani. Jirani aliwakimbiza kwa gari hadi hospitali ya karibu, na daktari, mwanamke asiye na maneno mengi, akauliza:

"Anatumia dawa gani?"

"Za presha, nadhani."

"Na ya kuyeyusha damu? Kama anaitumia na anavuja damu kichwani, matibabu yanabadilika. Nahitaji jibu sasa hivi."

"Anayejua ni mdogo wangu."

"Mama anaishi na nani?"

"Na mimi."

Daktari alimgeukia mgonjwa. Heri angemtukana.

Jemadari alipiga simu, ikagoma. Akaomba simu ya nesi, ikaita mpaka ikakatika. Ikabaki njia moja. Akaufungua mchezo, akamwona mjumbe wa Mto amesimama na wenzake karibu na daraja. Ilikuwa saa ya chai kazini kwake. Jemadari akaketi chini, akalaza upanga. "Mama ameanguka. Ni kweli."

Watu wa Mto wakacheka. "Inuka, Jemadari," mdogo wake akaandika. "Huo ujanja tumeshaujua."

Jemadari alimtazama mama kupitia mlango uliokuwa wazi. Aliogopa kama hajawahi kuogopa maishani. Akarudi mbio kwenye ngome, akafungua lango kubwa, akawaondoa walinzi wote, akaandika mbele ya kila mtu: "Ingieni. Chukueni ngome, daraja, ghala, vyote. Niambie tu, mama anameza dawa ya kuyeyusha damu au hapana?"

Wenzake wakamwita msaliti. Watu wa Mto wakamiminika ndani. Mjumbe wao peke yake alibaki nje ya lango. Alimjua kaka yake: angeweza kudanganya ili apate kitu, lakini hakuwahi kudanganya ili apoteze. Simu ya Jemadari ikaita.

"Mpe daktari," mdogo alisema.

Alisoma kadi nzima, jina kwa jina. Ndiyo, ya kuyeyusha damu ilikuwepo, na mama ameimeza alfajiri ile ile. Hajamaliza kusoma, daktari ameshaanza kuwaagiza manesi.

Mama alipona, ila mkono wa kushoto haukurudi na nguvu zake zote. Siku alipoweza kuzungumza vizuri aliwauliza, "Vita vyenu vimekwisha?" Siku hizi Jemadari anaukanda mkono ule kila asubuhi, na dawa zote anazijua kwa majina.

Mdogo alirudi karakanani. Lakini kaka alipomwambia, "Ngazi nyuma yako," aligeuka kutazama mwenyewe. Mwezi mzima aligeuka kila mara, na kaka alisubiri na kioo mikononi bila kulalamika. Juzi hakugeuka.

FUNZO

Chezeni, na mkiwa maadui humo ndani, kuweni maadui hodari. Lakini kila mchezo una mahali pa kusemea kweli. Mahali hapo pasiguswe, kwa sababu siku ya shida huna pengine pa kusimama. Na wewe unayejua idadi ya walinzi wa ngome yako, nenda leo ukamuulize mama yako anameza dawa gani.