Majani Chini ya Mikakao

Kila asubuhi Candelaria Tiul aliwasha moto, akaoka mikate ya mahindi, kisha akashika ufagio. Alifagia ua. Halafu alifagia chini ya mikakao nyuma ya nyumba, mpaka udongo ukabaki mtupu. Alitaka wakwe wakija wakute shamba safi.

Mwanawe Anselmo alikuwa amemchumbia Hortensia. Bibi yake Hortensia alikubali kwa sharti la desturi ya siku zote: upande wa bwana harusi ulete kinywaji cha kakao ya miti yao wenyewe. Lakini miti haikuzaa. Ilitoa maua mengi, yakadondoka yote. Harusi ilikuwa imeshaahirishwa.

"Miti imechoka," alisema mumewe, Marcelino, akinoa panga. "Naikata, napanda iliki. Kakao tutanunua dukani."

"Ya kopo? Bibi yake Hortensia atakumwagia kichwani!"

"Ikiwa ya moto nitakimbia."

Anselmo hakucheka.

Siku hiyo jirani yao, Elvira Pop, alikuja kurudisha jiwe la kusagia. Mikakao yake ilizaa vizuri. Alitazama chini ya miti ya Candelaria.

"Shoga, nani amefagia hapa?"

"Mimi. Kwani pamebaki takataka?"

"Afadhali pangebaki! Ua la kakao linachavushwa na vijidudu vidogo kama usubi. Vinazaliana kwenye majani yanayooza. Wewe kila siku unafagia nyumba yao."

Candelaria aliutazama ufagio. "Kumbe ni mimi ninayemchelewesha mwanangu?"

"Hukujua. Mimi nilifundishwa na mama mkwe, tena kwa kusemwa."

"Mti gani huu unaopenda uchafu?" aliuliza Marcelino.

"Usiudharau, Baba Anselmo," alisema Elvira. " Kabla Wahispania hawajafika, punje zake zilikuwa fedha sokoni. Wafalme wetu wa kale walizikwa na vyombo vya kakao. Kwenye chombo kimoja cha kale amechorwa mwanamke akiimimina kutoka juu ili itoe povu, kama tunavyofanya sisi harusini. Sukari hawakuwa nayo. Wengine walitia pilipili."

Marcelino aliweka panga chini. "Msimu mmoja tu. Isipozaa, iliki."

Walirudisha majani. Walikatakata migomba iliyokwisha kuzaa, wakaitandaza kivulini. Mikono ya Candelaria iliwasha kwa hamu ya kufagia, mpaka Anselmo akaficha ufagio darini.

Mvua zikanyesha. Asubuhi moja Candelaria aliona kitu cha kijani kwenye shina la mkakao, kidogo kama kidole. Juu yake kingine. Na kingine.

"Baba Anselmo! Njoo! Njoo bila panga!"

Matunda yalipoiva, harusi ikafanyika. Candelaria alisimama, akamimina kakao kutoka juu, chombo hadi chombo. Povu likapanda. Bibi yake Hortensia alipokea kibuyu, akanusa, akanywa taratibu.

"Hii ni ya kwenu," alisema, akifuta povu mdomoni. "Niongezeeni."

Candelaria alishusha pumzi, akaketi.

Kesho yake alifagia ua kama kawaida. Alipofika kwenye mkakao wa kwanza alisimama, akageuza ufagio, akarudi.