Mageti Mawili ya Ghala

SAA NNE ASUBUHI. Chumba cha nyuma, duka la vipuri.

"Wewe utabaki hapa na kidude chako," Nyundo alisema huku akikohoa moshi. "Kazi ya kiume tuachie sisi."

Fundi akawasha kidude. Alikuwa mwanamke pekee kundini, na pekee aliyeweza kusoma kitu kirefu kuliko bei ya bia. Kidude chenyewe kilikuwa kompyuta. Kutoka mezani pale angeingia kwenye kompyuta ya ghala la simu, upande wa pili wa mji, ayafungue mageti kama mtu aliyekaa ofisini kule kule. Nywila alishaibahatisha. Meneja alitumia jina la mwanawe. Mjinga mwingine.

Mdogo wake, dereva wa kundi, alimkonyeza. "Usijali, dada. Mimi nipo."

SAA SABA MCHANA. Walinzi wanakula.

Simu ya dereva ilikuwa hewani na ya Fundi. Fundi akaandika nywila, na ofisi ya watu ikamfungukia kwenye skrini. Akabofya. Kwenye kamera aliona geti la nje likisogea, kisha la ndani. Lori likaingia kinyumenyume.

"Pakieni!" Nyundo alifoka. Majuha wale walishasahau kwamba simu inasikia.

"Na fundi je?" mmoja akauliza.

"Kuna afande anasubiri simu yangu tu. Tukishatoka, anamkuta pale na kompyuta yake. Kesi yote ataibeba yeye."

Wakacheka. Kicheko kimoja Fundi alikijua tangu mwenye nacho hajaota meno.

"Mwacheni akome," mdogo wake alisema. "Anajiona sana."

Fundi akafunga geti la ndani. Akafunga la nje. Akabadilisha nywila, kisha akawasha king'ora.

Mashujaa wakaanza kupiga chuma mateke. Nyundo alifyatua risasi kwenye kitasa. Kitasa hakikumjali.

"Dada! Fungua! Mimi damu yako!"

"Jifungulie. Si kazi ya kiume?"

"Nilikuwa natania tu, dada. Wallahi."

Mdogo wake aliinua uso kwenye kamera. Machozi, kamasi, vumbi. Kwenye skrini, mshale wa Fundi ulisimama juu ya alama ya mlango mdogo wa nyuma. Ukakaa hapo. Nje ya ghala, polisi walikuwa wakishuka garini.

"Mama nitamwambia nini?" Fundi akanong'ona.

Akajitoa kwenye mfumo, akaitia kompyuta kwapani, akatokea uani. Alipofika barabarani ndipo alipoikata simu, mdogo wake bado akimwita.