Ufunguo wa Mama Ukae Wapi?

Kila asubuhi nyumbani kwetu ilianza kwa swali moja: ufunguo uko wapi? Chai haijachemka, tayari mtu anainua mito ya viti. Mume wangu anapapasa mifuko ya ovaroli. Binti yetu anamwaga begi la shule sakafuni. Mimi nimesimama mlangoni na mkoba begani, nachelewa kazini, na damu inanichemka.

Utasema, si mchonge mwingine? Tulichonga. Tulichonga mpaka mchonga funguo akawa ananiulizia habari za nyumbani kama ndugu. Zote zilipotelea mikononi mwa watu hao wawili.

Kama tungekuwa tunaishi wenyewe ningenyamaza. Lakini chumba cha mbele alilala mama mkwe wangu. Nyumba ni yake. Sisi ndio tulihamia kwake alipopooza upande mmoja wa mwili. Akili yake nzima, na ulimi wake mzima zaidi, ila hawezi kuinuka peke yake kuja kufungua mlango. Mimi napika kantini ya chuo. Mume wangu ni fundi rangi, mtaani wanamwita Bwana Rangi. Tunatoka asubuhi, tunarudi jioni.

Mchana huja muuguzi wa majumbani. Humpa Mama dawa, humlisha, humsafisha, humgeuza ili asipate vidonda vya kulala. Leo anakuja huyu, kesho mwenzake, na kazini kwao hawaruhusiwi kutembea na funguo za wagonjwa. Kwa hiyo ufunguo mmoja lazima ubaki nje ya nyumba, mahali ambapo muuguzi ataupata na mwizi hataupata.

Unajua mume wangu aliuweka wapi? Chini ya kopo la maua, kando ya mlango. Akajiona amegundua jambo. Mtaa mzima ulijua. Siku moja nilirudi nikamkuta jirani wa nyuma jikoni kwangu. Alikuja kuazima chujio. Alijifungulia mwenyewe, na chujio alikuwa ameshalipata. Siku nyingine binti yetu anatoka shule, anauchukua ufunguo, anausahau begini. Kesho yake muuguzi anafika, anainua kopo, anakuta konokono.

Muuguzi wetu wa kawaida ni mama mmoja mpole, lakini upole nao una mwisho. Aliniambia tununue kisanduku cha chuma cha kuwekea ufunguo, ile sefu ndogo inayofungwa ukutani kwa nje na kufunguliwa kwa namba. Nilimpelekea mume wangu habari hiyo, akakubali mara moja. Nikafurahi. Nikamwomba amuulize kwanza fundi vitasa, maana anaishi mkabala na sisi, hatua chache tu kuvuka barabara.

Akakunja uso. Walikuwa hawasemeshani. Mwaka uliopita mume wangu alimpakia fundi huyo rangi kwenye geti lake, akapaka na kitasa, tundu la ufunguo likazibwa. Geti la fundi vitasa likagoma kufunguka. Watu walicheka wiki nzima. Fundi alisema maneno, mume wangu naye akasema yake, na tangu hapo salamu zikaisha.

Kwa hiyo Bwana Rangi alikwenda sokoni peke yake. Alirudi na kisanduku kinachong'aa, cha bati jepesi hata ukilibonyeza kwa kidole linabonyea. Mbele kilikuwa na vigurudumu vya namba. Alikifunga kwa skrubu mbili kwenye fremu ya mbao ya mlango, pale pale maji ya paa yanapodondokea. Nikasema hapo panalowa. Akasema nimwachie kazi yake. Kisha akaleta brashi.

Nilimuuliza, "Na hivyo vigurudumu pia unavipaka?"

"Mke wangu, rangi ndiyo koti la chuma," alinijibu. Akakipaka mara tatu, rangi moja na mlango, eti mwizi asikione.

Siku za jua namba zilizunguka kwa shida. Akazipaka mafuta ya kupikia, mafuta yangu mwenyewe ya jikoni. Mafuta yakashika vumbi, vumbi likawa uji. Kisha mvua zikaanza.

Mchana mmoja nilipigiwa simu nikiwa kantini. Ni muuguzi. Yuko mlangoni kwetu, mvua inamnyeshea, na ndani anamsikia Mama akiita. Mama alijinyoosha kuchukua kikombe cha maji, akateleza kutoka kitandani, sasa yuko sakafuni. Vigurudumu vya namba vimeganda. Muuguzi alikivuta kisanduku kwa nguvu, kikang'oka chote na skrubu zake. Sasa anacho mkononi, ufunguo unalia ndani, na hakifunguki.

Hebu fikiria. Mwizi angeweza kuondoka nacho kwa mkono mmoja, lakini mwenye haki ya kuingia hawezi kukifungua. Na ufunguo wangu mimi nilikuwa nimempa binti yetu asubuhi ile, kwa sababu wake ameupoteza. Mume wangu hakupokea simu. Alikuwa juu ya ngazi mahali fulani, anapaka.

Nilikimbia na aproni yangu. Nilipofika nilimkuta fundi vitasa mlangoni kwetu. Amesikia kelele, amevuka barabara na mkoba wake wa vifaa, na kitasa ameshakifungua. Mama alikuwa kitandani tena, amefunikwa, anatetemeka. Hakuvunjika mahali.

"Nimeita mpaka sauti imekauka," aliniambia. "Halafu nikatukana. Nimemaliza matusi yote ninayoyajua, mkwe wangu."

Nilicheka, kisha nikalia. Niliona aibu kwamba mtu mzima kama yule amelala kwenye sakafu ya nyumba yake mwenyewe, na watu wamesimama nje wanamsikiliza.

Kabla ya kuondoka muuguzi alinivuta pembeni. Alisema hawezi kuendelea kuja kwenye nyumba asiyoweza kuingia. Likitokea tena, ofisi yao itaacha kutuhudumia. Jioni hiyo hiyo wifi yangu alipiga simu. Habari zilikuwa zimemfikia. Akasema mwisho wa mwezi anakuja na gari kumchukua Mama akakae kwake, mji mwingine kabisa. Mama alisikia kila neno. Aligeuza uso ukutani, na chakula cha usiku hakukigusa.

Mama hakutaka kuhama. Dirisha lake linatazama barabara. Anajua nani amepita na nani hajapita, na wapitao humsalimia kwa jina la heshima. Kule kwa wifi angekuwa mgonjwa wa chumba cha nyuma.

Kesho yake nilimshika mume wangu mkono, nikavuka naye barabara. Nilimwambia kama hataki kusema, basi asimame tu asikilize.

Fundi vitasa alikuwa mezani kwake. Alikichukua kile kisanduku chetu, akakwaruza rangi kwa ukucha, akamtazama mume wangu muda mrefu.

"Hata hiki?" aliuliza.

"Nilikuwa nakikinga na mvua," mume wangu alisema.

Fundi alishusha pumzi. Nadhani alikuwa na maneno mengi, lakini aliona uso wangu akayameza. Badala yake akatuwekea visanduku viwili mezani, chetu na kimoja alichotoa kabatini, akaniambia nivinyanyue. Cha kwake kilikuwa kizito, mkono ulishuka.

"Shemeji, cha kukaa nje unakianza kwa uzito," alisema. "Kiwe cha chuma kinene kisichoshika kutu. Fungua mlango wake uone. Hii mipira inayozunguka ukingoni inazuia maji. Na hii kofia ya mpira inafunika vitufe vya namba. Kisichokuwa na mpira ni cha ndani ya nyumba, hata muuzaji aape."

Nilimuuliza kuhusu vile vya umeme ambavyo ukibonyeza vinawaka taa. Alisema ni vizuri kwa mtu anayekumbuka kubadilisha betri. Akamtazama tena mume wangu. Nikasema tuchukue cha vitufe vya kawaida.

Jioni alikuja na mashine ya kutoboa. Mume wangu alimwonyesha kando ya mlango, pale pa zamani. Fundi akakataa. Akamwambia asimame barabarani atazame: kila mpita njia anakiona. Wakazunguka nyumba. Walichagua ukuta wa ubavuni, chini ya paa, mbali na maji yanapodondokea, usawa wa kifua ili muuguzi aone vitufe bila kuinama. Fundi alisema pia kisifungwe kwenye mbao. Mbao hulowa, hulegea, na skrubu hutoka kama jino bovu. Kifungwe kwenye tofali.

Alipoweka alama ya kutoboa, mume wangu akamzuia. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hapa na hapa.

"Usitoboe hapo," alisema. "Hapo palibomoka, nikaziba kwa plasta. Hakuna tofali nyuma. Sogea huku."

Fundi aligonga mwenyewe, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Nilishangaa. Kumbe zile kuta anazopaka huwa anazijua. Kuanzia hapo wakawa wanasemeshana, kwanza kwa neno moja moja, halafu wakabishana kama zamani, na mimi nikatamani warudi kununiana.

Fundi alitoboa katikati ya tofali, si kwenye kiungo cha saruji. Alipuliza vumbi lote litoke kwenye matundu, maana boliti ikikaa kwenye vumbi haishiki. Akaingiza zile boliti zinazotanuka ndani zikikazwa. Vichwa vyake vilikaa ndani ya kisanduku, kwa hiyo kikishafungwa hakuna wa kuzifungua kwa nje. Alizikaza kidogo kidogo, moja baada ya nyingine. Ukikaza moja kwa nguvu, alisema, kisanduku kinapinda na mlango haufungi. Mwisho akapitisha silikoni, ile gundi ya kuzuia maji, juu na pembeni, pale chuma kinapokutana na ukuta. Chini akaacha wazi.

"Umesahau chini," mume wangu alisema.

"Sijasahau. Maji yakipenya, yatokee wapi?"

Mkononi, namwapia mtu yeyote, mume wangu alikuwa ameshika brashi. Fundi akaichukua taratibu, akaiweka kwenye mkoba wake mwenyewe, na hakuirudisha siku ile.

Ikabaki namba. Mume wangu akapendekeza namba ya nyumba.

"Ile iliyoandikwa getini?" fundi aliuliza.

"Niliiandika mimi."

Fundi alifumba macho. Halafu akaniuliza mimi, nyumba hii ni ya nani? Nikasema ya Mama. Akasema basi namba achague yeye, isiwe mwaka wa kuzaliwa wala namba ya simu. Na ajulikane kila mwenye kuijua. Mtu mmoja wao akiacha kuja, namba ibadilishwe siku hiyo hiyo.

Nakiri hili hatukuwa tumelifikiria. Tulihangaika na mlango wake mwaka mzima, na hakuna aliyemuuliza.

Tuliingia chumbani. Mama alisikiliza, akafikiri, akamwambia mwanawe atoke nje. Mwanawe akadhani ni utani. Haukuwa utani. Akaninong'oneza namba sikioni, na kesho yake akamwambia muuguzi, awape na wenzake wa zamu.

"Wewe una ufunguo wako," alimwambia mume wangu. "Ukiupoteza, kaa barazani umsubiri mkeo."

Fundi alinielekeza huku amegeuza uso, nikaiweka namba ile na kuijaribu mara kadhaa mlango wa kisanduku ukiwa wazi, kwanza nione kama inakubali. Ndipo akaufunga. Ufunguo ukawekwa bila kibandiko chochote. Akaniagiza nikifungue na kukifuta kila mwezi, na nikitaka kukilainisha nitumie mafuta ya vitasa. Ya kupikia nipikie.

Mwisho wa mwezi ukafika, na wifi akafika na gari lake na begi tupu la nguo za Mama. Mvua ilikuwa inanyesha tangu asubuhi. Mimi nilikuwa na mapumziko. Wifi alianza kufungua kabati, lakini Mama akamwambia akae kwanza mpaka saa ya muuguzi. Mimi akanikataza kwenda mlangoni.

Mchana tulisikia hatua ubavuni mwa nyumba, kofia ya mpira ikavutwa, vitufe vikabonyezwa. Muda mfupi baadaye kitasa kikazunguka. Muuguzi akaingia akifuta miguu, akasalimia, akaanza kazi yake. Alikuja wa zamu nyingine siku ile, siyo wetu wa kawaida, na hakuuliza kitu.

Wifi alitoka nje akakitazama kisanduku, akakivuta, akakitikisa. Alirudi amelowa.

"Haya, sawa," alisema. "Basi nipe na mimi hiyo namba, Mama, niwe naingia nikija kukuona."

Mama alikuwa anafungwa leso kichwani. Hakuharakisha.

"Wewe bisha hodi, mwanangu," alimwambia. "Ukibisha, nitasema ufunguliwe."

Jioni gari liliondoka na wifi peke yake. Mama alimpungia mkono kutoka dirishani.