Kadi ya Dada Mtu

"Abee."

Sauti moja tu, nyembamba, ya mwanamke aliyeamshwa usingizini. Ilitoka chumba cha cherehani, nyuma ya pazia. Mwalimu alikuwa amemwita mkewe kwa jina, ampe maji ya kumezea dawa ya kichwa. Mkewe, fundi wa nguo, alikuwa amelala ubavuni pake, na ndiyo kwanza alikuwa anafumbua kinywa.

"Umeitika?" Mwalimu akanong'ona.

"Bado."

Hawakulala tena. Harufu ya spiriti, ile ya kusafishia vidonda, ilipenya chini ya pazia ikawakalia puani hadi kukapambazuka. Hakuna aliyekwenda kutazama. Sauti ile waliijua wote wawili. Majuma matatu nyuma walikuwa wameifukia ardhini.

Ilikuwa ya mdogo wake Fundi. Binti huyo alifika kwao tumbo limevimba, utumbo umejisokota, na daktari akasema apasuliwe siku ileile. Karani wa dirishani akawapa karatasi: glavu, nyuzi za kushonea, mabomba ya sindano, chupa za maji ya mshipa, damu, chumba cha upasuaji. Kila kitu kilipiwe kwanza, ndipo mgonjwa aingizwe. Walipiga hesabu kwenye benchi. Wangeuza cherehani, kitanda na baiskeli, ingetibiwa nusu tu ya mgonjwa.

Lakini Fundi alikuwa na kadi ya bima, kwa kuwa mumewe ameajiriwa. Na ukiwatazama haraka haraka wale ndugu wawili, usingejua yupi ni yupi. Wazo lilikuwa la Mwalimu. Kadi ilitoka kwenye mkoba wa Fundi.

"Kuanzia sasa wewe ni mimi," alimwambia mdogo wake. "Wakiita jina langu, itika."

"Na wewe utakuwa nani, dada?"

"Mimi msindikizaji tu. Nyamaza, wanakuja."

Binti akaitika siku tisa. Siku ya kumi muuguzi aliita mara tatu, asiitike. Maiti ikatolewa kwa jina la Fundi, kibali cha mazishi kikaandikwa jina la Fundi, na Mwalimu akakifungia sandukuni.

"Jina la marehemu lisitamkwe tena ndani ya nyumba hii," alisema. "Mtu wa bima akilisikia, kazi sina, na sote tunalala ndani."

Mama yao, aliyekuwa amekuja kuzika, akalia kilio kisichomtaja mtu.

Asubuhi baada ya ile sauti, Fundi alikaa kwenye cherehani kumalizia sare za shule. Jua lilikuwa kali, redio ya jirani ikiimba. Mama akamwita kwa jina kutoka uani.

"Abee, mama," akaitika Fundi.

"Abee, mama," ikaitika sauti nyingine, shingoni mwake, na pumzi yake ilikuwa baridi.

Hapo pedali ikaanza kukanyagwa, ingawa miguu ya Fundi haikuwa juu yake. Gurudumu likazunguka, tatatata, kitu kikamshika kifundo cha mkono kikausukuma mbele, sindano ikapita katikati ya ukucha, ikatoka, ikaingia, ikatoka, kidole kikashonwa na kola ya shati jeupe huku uzi ukilowa wekundu. Mwalimu alikuja mbio. Alipigwa kofi moja na hewa tupu. Akaanguka, akatema meno mawili.

Jioni Mama alimfunga bintiye kidole kwa kitambaa. "Mnasema jini; jini gani hilo linalojua kuniita mama?" aliuliza polepole. "Mwenye sauti hii nimemzaa mimi."

"Mama, tafadhali," akasema Mwalimu, shavu limemvimba. "Kuta zina watu."

"Kuta zina watu! Na kaburi nalo lina nani?"

Wakamleta mganga. Alikuwa mzee mcheshi, koti la mvua mwilini ingawa hakukuwa na wingu, mkononi chetezo cha makaa. Akaketi mkekani, akawatazama mmoja mmoja.

"Anayewasumbua anaitwa nani? Msiponipa jina, mimi hapa nitakuwa nachoma moshi tu, na moshi mnao jikoni kwenu."

Mwalimu akamtazama mkewe. Mama akakitazama chetezo. Mganga akakohoa. Ndipo Mwalimu, mtu wa kusahihisha makosa ya watoto wa watu kutwa nzima, akamtajia jina lililoandikwa kwenye kibali.

Mganga akaliita. "Abee," kutoka chumba cha cherehani. Akaliita tena. "Abee," kutoka kwenye pazia. Akaliita mara ya tatu, na safari hii aliyeitika alikuwa katikati yao, na chetezo kikaruka chenyewe kikapasukia kifuani mwa mganga, makaa yakamwagika ndani ya koti, akawa anaruka na kujipiga na kupiga mayowe, huku Fundi akivutwa nywele kuzunguka mkeka, kichwa chake kikigonga mguu wa meza, kikigonga kizingiti, kikigonga ukuta, mpaka alipotupwa chali na gauni lake likachanika lenyewe kutoka kifuani hadi kitovuni. Na chini ya gauni ngozi nayo ikaanza kuchanika, taratibu, katika mstari ulionyooka, kila kipande kilichofunguka kikitokeza nyuzi nyeusi kama zile alizoshonewa mdogo wake hospitalini. Hawakuzinunua. Zililipwa kwa kadi.

"Mmenidanganya!" Mganga alikuwa tayari mlangoni, ndevu zinafuka. "Jina hilo lina mwenyewe, na mwenyewe yuko hai! Marehemu wenu mmemvika mtu, sasa anakuja kumvaa kweli! Rudini mlikomwandikisha, mkamwite kwa jina lake, la sivyo mtazika tena!"

Akatokomea bila viatu.

Walimbeba Fundi kwenye gari la kukodi, Mama akimfungia shuka tumboni kwa mikono miwili. Hospitali ilikuwa ileile, benchi lilelile, dirisha lilelile. Na Mwalimu, kwa woga na mazoea, akaingiza mkono mfukoni akatoa kadi ileile.

Karani akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena.

"Mwenye kadi hii alitoka mochwari majuma matatu yaliyopita."

"Ni makosa ya kompyuta, ndugu yangu."

"Kompyuta haiziki watu. Huyu mgonjwa ni nani?"

"Mshoneni kwanza! Hamwoni damu?"

"Naiona. Hakuna kadi, ni taslimu." Akasukuma karatasi: glavu, nyuzi, mabomba ya sindano, maji ya mshipa, damu. Mwalimu akaisoma.

"Mkwe," Mama akasema, "sema ukweli hapa hapa."

"Nikisema, watatudai siku zote kumi za yule, na hii, na jela juu. Mama, tutawalipa na nini?"

Karani hakungoja. Akavuta kipaza sauti. "Wodi ya upasuaji, leteni faili la..." na akalitaja jina la Fundi. Likatoka kwenye spika za kila ukuta, korido zote, wodi zote.

"Abee."

Sauti ile iliitika kutoka kila kitanda. Kisha taa zikapasuka moja baada ya nyingine, kutoka mwisho wa korido kuja dirishani, na chini ya kila taa iliyopasuka nguzo za kutundikia maji ya mshipa ziling'oka zikarushwa kama mikuki, benchi likabinuliwa na wagonjwa wake, mlinzi akainuliwa akatupwa mlangoni na rungu lake likavunjika mgongoni mwake mwenyewe, kioo cha dirisha kikapasuka na karani akavutwa kwa tai kutoka upande wake hadi upande wa wanaolipa, uso wake ukiburutwa juu ya vioo, na katikati ya vumbi na mayowe na harufu ile ya spiriti inayochoma macho akatokea mtu, miguu mitupu, gauni la wodi limefungwa mgongoni, tumbo limeshonwa vibaya, anatembea polepole kama mgonjwa aliyeruhusiwa kuamka. Akapiga magoti kando ya Fundi. Akautia mkono kwenye jeraha, vidole, kiganja, kifundo, kwa utulivu wa mtu anayejaribu nguo aliyoingojea siku nyingi kwa fundi.

Fundi alihisi vidole vingine vikiingia ndani ya vidole vyake.

"Usiseme!" Mwalimu alilia, amejikunyata chini ya kaunta. "Wote wanasikia!"

Mama akafungua kinywa. Mkono wa pili wa yule mtu ukamdaka taya, ukalibana, likalia kama kuni kavu.

Fundi akautazama uso uliomwinamia. Haukuwa na hasira. Ulikuwa na uchovu wa kumngoja yeye tu. Akakumbuka usiku wa tisa wodini, jambo ambalo hakumwambia mumewe wala mama yake. Mdogo wake alimshika kanga akamvuta karibu. "Dada, niite jina langu. Mara moja tu. Nimeanza kulisahau." Muuguzi alikuwa kitanda cha pili. Na yeye, dada mtu, akaweka kidole mdomoni. Shii.

Mkono ulikuwa umefika kwenye kiwiko sasa. Pumzi zilizobaki zilikuwa chache, na kila mtu alikuwa akimtazama: muuguzi aliyekuja mbio, mlinzi aliyelala sakafuni, karani mwenye vioo usoni na kalamu ingali mkononi. Fundi akamgeukia karani kwanza, ili amsikie vizuri, kisha akamgeukia mdogo wake, akamwita kwa jina lake, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo.

"Mashavu."